Kasoro za Sarafu za Zamani na Historia Yetu

Si mara moja wala mbili sisi walimu wa Kiswahili hapa Biryogo tumeletewa sarafu za zamani ili tuzisome. Sababu yake ni nyepesi. Sarafu hizo zina maandishi ya Kilatini, ya Kijerumani, ya Kiarabu na ya Kiingereza, na wazee wa mtaa hudhani kwamba mwalimu wa lugha hujua lugha zote. Tuliyoyajua tuliyasema, na tusiyoyajua tulikwenda kuyatafuta. Makala haya yametokana na kutafuta huko.

Mwanafunzi wetu mmoja alikuja darasani na kopo la maziwa ya unga, mali ya bibi yake. Ndani mlikuwa na sarafu kama thelathini. Mtu mmoja aliyejiita mnunuzi alikuwa amekwisha kulipekua kopo hilo, akamwambia bibi kwamba sarafu moja yenye tundu, ya mwaka 1936, ilipigwa kwa makosa kwa kuwa haina sura ya mfalme, na kwamba bei yake ni bei ya nyumba. Ila kwanza bibi alitakiwa alipe fedha za cheti. Bibi alikuwa ameanza kuzikusanya fedha hizo kwa akina mama wenzake wa chama cha kuchangiana.

Tuliisoma sarafu, tukamwendea bibi nyumbani kwake, tukamweleza kwamba sarafu ile haina kosa lolote, na kwamba za namna yake zilipigwa kwa mamilioni. Fedha za akina mama zilirudi kwa wenyewe. Lakini bibi hakufurahi. Alitutazama kitambo, kisha akasema: "Kwa hiyo, mwalimu, miaka yote hii mimi nimetunza vyuma tu?"

Siku ile hatukuwa na jibu la kumridhisha. Hili hapa ndilo jibu tulilopaswa kumpa.

Sarafu hupigwaje, na kasoro huingia wapi

Sarafu ya chuma hupigwa kati ya mihuri miwili. Mmoja una mchoro wa upande wa kichwa, wa pili una mchoro wa upande wa nyuma. Kisahani cha chuma kisicho na maandishi huwekwa kati ya mihuri hiyo, nacho huzungukwa na pete ya chuma kigumu ili kisipanuke ovyo. Mtambo hugonga mara moja, na sarafu huwa imekamilika. Kwa kuwa kazi ni ya hatua tatu, kasoro nazo huingia kwa milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni mhuri. Mhuri ukipata ufa, sarafu zote zinazofuata hubeba mstari ulioinuka. Mhuri ukichongwa kwa mapigo mawili yasiyolingana, herufi huonekana maradufu. Na mafundi wakiichanganya mihuri, upande wa kichwa ukatoka katika sarafu ya namna moja na upande wa nyuma katika namna nyingine, wakusanyaji huiita sarafu hiyo nyumbu, maana ni mzao wa farasi na punda. Mfano mashuhuri ni wa Uingereza mwaka 2008. Sarafu ya pensi 20 ilibadilishwa mchoro, na tarehe ikahamishwa kutoka upande wa nyuma hadi upande wa kichwa. Baadhi zikapigwa kwa mhuri wa zamani wa kichwa na mhuri mpya wa nyuma, zikatoka bila mwaka wowote. Mfano mwingine ni wa mwaka 1983. Tangu mwaka uliotangulia, pensi 2 za Uingereza zilikuwa zimeacha kuandikwa "pensi mpya", lakini chache za mwaka huo zikatoka na maneno ya zamani.

Mlango wa pili ni kisahani chenyewe. Huenda kikawa kimemegwa ukingoni, au kikawa cha madini ya sarafu nyingine. Katika sarafu zetu za tundu, tundu huweza kukaa pembeni, au lisitobolewe kabisa.

Mlango wa tatu ni pigo. Kisahani kikiteleza, mchoro huangukia upande mmoja na sehemu ya sarafu hubaki tupu. Pete ikikosekana, sarafu hutanuka kuliko zenzake.

Nje ya milango hii mitatu hakuna kasoro ya kiwandani. Kuna majeraha tu. Sarafu iliyogongwa kwa nyundo, iliyotobolewa ivaliwe shingoni, iliyosuguliwa kwa tupa au iliyopitiwa na gari imeharibiwa na watu baada ya kuzaliwa. Alama ya kutofautisha ni hii: kasoro ya kiwandani haina chuma kilichosukumwa. Mahali palipokosa herufi huwa laini kama sehemu nyingine za sarafu. Palipojeruhiwa, chuma husogea, kikainuka kandokando kama udongo kandokando ya mfereji.

Zinazodhaniwa kasoro

Katika kopo la bibi, na katika makopo mengine tuliyofunguliwa, sarafu nyingi zilizodaiwa kuwa na makosa hazikuwa na kosa la aina yoyote kati ya hizo. Kila moja ilikuwa na jambo la ajabu machoni, na kila jambo la ajabu lilikuwa na sababu ya kihistoria.

Tuanze na ile ya mwaka 1936. Mfalme Edward wa Nane alitawala Uingereza tangu tarehe 20 Januari hadi tarehe 11 Desemba mwaka huo, akajiuzulu kabla ya kutawazwa. Huko Uingereza hakuna sarafu yenye sura yake iliyotolewa kwa matumizi ya kawaida. Lakini senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu katikati, hazikuwa na nafasi ya sura, hivyo hapakuwa na haja ya kungoja mfalme apige picha. Zikapigwa kwa jina lake tu, nyingine katika kiwanda cha serikali cha London, nyingine katika viwanda viwili vya Birmingham vilivyoweka alama zao, H na KN. Kwa njia hiyo jina la mfalme aliyekosekana katika mifuko ya Waingereza lilijaa katika vikapu vya sokoni Kampala, Mombasa na Mwanza. Uvumi wa utajiri nao una chanzo chake: mwaka 2020 sarafu moja ya dhahabu ya majaribio, yenye sura ya mfalme huyo huyo, ilinunuliwa kwa pauni milioni 1. Habari hiyo ikasafiri, na safarini dhahabu ikaachwa, likabaki jina.

Ya pili ni shilingi ya simba. Shilingi za Afrika Mashariki za Mfalme George wa Sita zilizopigwa kabla ya mwaka 1948 humwita Mfalme na Kaisari wa Uhindi. Zile za kuanzia mwaka 1948 humwita Mfalme tu. Tumesikia ikisemwa kwamba fundi alisahau maneno. Fundi hakusahau. India ilijipatia uhuru wake tarehe 15 Agosti 1947, na cheo kikapunguzwa katika chuma. Vilevile fedha halisi, iliyokuwa robo ya uzito wa shilingi hiyo tangu mwaka 1921, ikaondolewa kabisa mwaka 1948. Aliyeshika shilingi mbili hizo mkononi ameshika dola kabla na baada ya kupungukiwa.

Ya tatu ni senti 5 na senti 10 za mwaka 1964, ambazo hazina jina la mfalme wala malkia. Nazo husemwa kuwa na kosa. Ukweli ni kwamba Tanganyika, Uganda na Kenya zilikuwa zimekwisha kuwa huru, na bodi ya fedha iliyozihudumia kwa pamoja ilikuwa inamaliza siku zake. Jina la mtawala wa ng'ambo halikuwa na mahali tena.

Ya nne ni ya kwetu. Katika makopo ya Biryogo hukutwa sarafu za faranga zilizoandikwa Ruanda-Urundi, na nyingine zilizoandikwa Rwanda na Burundi. Kijana mmoja alituuliza ni zipi zilizokosewa tahajia. Zile za kwanza ni za miaka ya 1950, wakati nchi hizi mbili zilipotumia fedha moja na Kongo ya Wabelgiji. Zile za pili, zenye simba, ni za miaka ya 1960 hadi 1964, zilipokuwa na benki moja ya kutoa fedha. Mwaka 1964 Rwanda ikatoa sarafu zake yenyewe. Herufi zilizobadilika ni alama ya nchi zilizoanza kujiandikia majina yao.

Ya tano ni riale ya fedha, yenye sura ya Maria Theresa na mwaka 1780. Mwaka huo ndio aliokufa, na sarafu zilizopigwa baadaye ziliendelea kuandikwa mwaka huo huo, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani zetu walikataa riale yenye tarehe nyingine. Tangu mwaka 1936 hata kiwanda cha London kilizipiga. Anayedhani ameshika sarafu ya zaidi ya miaka 200 huenda ameshika ya siku za baba yake.

Zipo pia kasoro ambazo si za mtambo bali za mchongaji. Mwaka 1911 ilitolewa rupia ya India yenye sura ya Mfalme George wa Tano. Katika joho lake palichongwa tembo mdogo, lakini mkonga wake ulikuwa mfupi na miguu yake midogo, hata watu wakamwona nguruwe. Waislamu wa India wakakasirika, rupia hiyo ikaondolewa katika mzunguko, nyingi zikayeyushwa, na mwaka 1912 tembo akachongwa upya. Rupia ya India ndiyo iliyokuwa fedha ya Unguja na ya Afrika Mashariki ya Waingereza wakati huo, kwa hiyo jambo hili si geni kwetu. Mchongo mdogo usiozidi punje uliirudisha fedha ya dola kwenye moto.

Tabora, mwaka 1916

Sasa tufike kwenye sarafu ambayo mnunuzi yule hata hakuitazama. Ilikuwa kipande cha shaba cheusi, mchoro umekaa upande, taji limefifia, ukingo umepinda. Bibi mwenyewe aliiita takataka. Juu yake tulisoma herufi D.O.A., mwaka 1916, na herufi ndogo T. Nyuma pameandikwa hela 20.

Herufi tatu za kwanza ni kifupi cha jina la Kijerumani la Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambayo Rwanda ilikuwa ndani yake. Herufi T ni Tabora. Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, manowari za Waingereza ziliifunga pwani, na sarafu kutoka Ujerumani zikawa haziingii kwa njia ya kawaida. Serikali ikaishiwa na fedha ndogo za kuwalipa askari na wapagazi. Ndipo katika karakana ya reli ya Tabora wakaanza kupiga sarafu kwa mitambo isiyokuwa ya kazi hiyo: hela 5 za shaba ya njano, hela 20 za shaba nyekundu na ya njano, na rupia 15 za dhahabu ya Sekenke, zenye tembo mbele ya milima. Za dhahabu zilipigwa zaidi ya 16,000. Za hela 20 zilipita milioni moja.

Mihuri ya hela 20 ilichakaa upesi na ikachongwa tena na tena. Ndiyo maana wakusanyaji hutofautisha zenye taji kubwa na zenye taji dogo, na maumbo mbalimbali ya herufi. Nyingi zimepigwa kombo, nyingine zimebeba nyufa za mhuri. Kwa sarafu ya London, kupigwa kombo ni jambo la nadra. Kwa sarafu ya Tabora, kombo ndiyo hali yake, kwa sababu ilipigwa na watu waliokuwa wanashindwa vita na wanajua kwamba wanashindwa.

Wabelgiji waliingia Kigali Mei mwaka 1916, wakaingia Tabora tarehe 19 Septemba mwaka huo huo. Kwa muda miji hiyo miwili ilikuwa chini ya jeshi moja. Waswahili wa Kigali, ambao msikiti wao wa Al-Fatah ulijengwa mwaka 1913 na ambao baadaye utawala wa Kibelgiji uliwatengea mtaa huu wa Biryogo, walikuwa na jamaa na biashara Ujiji, Tabora na Usumbura. Haishangazi basi kuikuta hela ya Tabora katika kopo la mtaa huu. Rupia zikatoka, faranga zikaingia, na hela ya shaba ikabaki bila kazi.

Bali jina lake halikukosa kazi. Neno hela, ambalo Waswahili wengi hulitamka kila siku wakidhani ni la asili, latokana na jina la sarafu hiyo ya Kijerumani, iliyotumika hapa tangu mwaka 1904 ambapo rupia moja iligawanywa hela 100. Kabla ya hapo rupia ilikuwa na pesa 64, na pesa ni neno la Kihindi. Warundi hadi leo huita fedha amahera. Wanyarwanda husema amafaranga, kwa neno lililokuja na Wabelgiji. Nchi mbili jirani, zilizotawaliwa na wageni wale wale kwa zamu ile ile, zilihifadhi kila moja neno la mtawala tofauti. Hayo hatukuyasoma katika kamusi peke yake. Kopo la bibi lilikuwa na hela na faranga pamoja.

Kupima thamani

Thamani ya sarafu ya zamani hutegemea mambo manne: ni nyingi kiasi gani zilizobaki, iko katika hali gani, ni ya madini gani, na ni wangapi wanaoitaka. Umri peke yake hautoshi, na kasoro peke yake haitoshi. Hata zile pensi 20 za mwaka 2008 zisizo na tarehe, zilizotangazwa mno, wakusanyaji hununua kwa makumi ya pauni na si kwa maelfu. Senti ya tundu ya mwaka 1936 iliyochakaa ni ya bei ndogo sana. Hela 20 ya Tabora ya hali ya kawaida ina wanunuzi wa kweli, lakini haijengi nyumba. Tembo wa dhahabu ni habari nyingine, na kwa sababu hiyo wa bandia ni wengi.

Mwenye sarafu na aipime kwanza. Rupia ya fedha, ya India au ya Kijerumani, huwa na uzito wa gramu 11.66. Riale hukaribia gramu 28. Shilingi ya simba hukaribia gramu 7.8. Inayopungukiwa sana ina shaka. Kisha aiweke karibu na sumaku; fedha na dhahabu haziivutii sumaku. Kisha atazame ukingo. Sarafu bandia iliyosubuiwa katika kalibu mara nyingi huacha mstari wa kiungo ukingoni na vitundu vidogo usoni. Mwisho ailinganishe na picha katika orodha ya wakusanyaji. Mnunuzi wa haki hutoa fedha, hadai fedha.

Na hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Ile hela ya Tabora, kabla hatujaijua, tuliisugua kwa majivu na limau ili herufi zionekane. Zilionekana. Lakini tuliondoa ile ngozi nyeusi ambayo shaba ilikuwa imeivaa kwa miaka mia moja na zaidi, na mkusanyaji yeyote angeipunguzia bei kwa ajili hiyo. Sarafu ya zamani haisuguliwi. Hushikwa ukingoni, huwekwa katika karatasi kavu, na huachwa na rangi yake.

Kwa walimu wenzetu

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tangu siku ile tumeweka daftari darasani. Mwanafunzi anayeleta sarafu huandika kwa Kiswahili chake mwenyewe: maandishi yaliyomo na lugha yake, mwaka, uzito, alama ya kiwanda, kasoro kama ipo, na zaidi ya yote, ilitoka kwa nani na ilifikaje mkononi mwake. Sarafu yenyewe hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kazi hiyo huwafundisha msamiati wa hesabu, wa madini na wa ukoo kwa mara moja, nao huiandika kwa bidii kwa sababu habari ni ya kwao. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017, na vitabu vya kukifundishia bado havijatosha. Makopo kama hayo yako katika nyumba nyingi.

Tulirudi kwa bibi baada ya wiki mbili, tukiwa na mwanafunzi wetu na daftari. Mwanafunzi alisoma aliyoyaandika juu ya hela ya Tabora. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba kopo hilo alipewa na mama mkwe wake, ambaye naye alilipata kwa baba yake aliyekuwa mpagazi wakati wa vita, na kwamba mzee yule alizoea kusema kuwa alilipwa kwa fedha zilizokataliwa na dunia. Hakuna aliyewahi kumwuliza maana ya maneno hayo. Mwanafunzi akayaongeza katika daftari, chini ya uzito na mwaka.

Sarafu ya mwaka 1936 imerudi koponi pamoja na nyingine. Ile ya shaba bibi ameifunga katika kitambaa peke yake, na hapendi mtu aishike kwa vidole vya mafuta.